Ngazi Kumi na Nne

Kijiko kiligonga ukingo wa kikombe mara tatu, kikanyamaza. Alikuwa mwokaji mikate, mume wa nyumba hiyo, anakoroga chai gizani kabla ya kwenda kwenye tanuri lake. Kila alfajiri alikataa kuwasha taa, eti asimwamshe mtoto, halafu akakoroga kama mtu anayetangaza mnada.

Chumbani mkewe alikuwa macho. Alilala chali, mkono mmoja umebanwa chini ya shingo ya binti yao, anasikiliza. Sasa anapuliza. Sasa anakunywa. Sasa anatafuta kiatu cha kushoto, ambacho kiko pale pale alipokivulia jana.

"Mama Nukta," mwokaji akanong'ona kutoka jikoni. "Usijifanye umelala. Pumzi ya mtu aliyelala naijua."

"Unajua pumzi ya unga tu wewe."

"Unga nao ukiwa na mawazo hauumuki. Njoo unywe chai."

Akauchomoa mkono taratibu, kama mtu anayeiba yai chini ya kuku, akaenda kukaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko. Ofisini walimwita Rula, kwa kuwa aliweza kuvuta mstari kwa mkono mtupu ukanyooka kama uliochapwa, na jina hilo lilimfuata mpaka nyumbani. Mtoto naye aliitwa Nukta, kwa udogo aliozaliwa nao. Sasa alikuwa na miaka sita, na udogo ulikuwa umebaki kwenye jina tu. Kwenye mdomo haukuwapo.

"Umeamua?" mwokaji aliuliza.

"Bado."

"Jana ulisema umeamua."

"Jana nilikuwa na hasira. Hasira siyo uamuzi." Akakipokea kikombe kwa mikono miwili. "Nikikataa, barua ya udhamini sipati. Bila barua ya bosi, mtihani wa bodi siufanyi mwaka huu."

"Na ukikubali?"

"Nitaufanya, nitafaulu, nitakuwa msanifu majengo."

"Basi mbona sauti kama umelamba ndimu?"

Rula alipuliza chai. Mwokaji akafunga kamba za viatu, akasimama, akamgusa bega. "Mimi mtu wa mikate, michoro siijui. Ila ukitaka kugombana na mwenye kisima, andaa ndoo zako mapema, mtoni ni mbali."

"Unaniambia nisigombane?"

"Nakwambia uandae ndoo," akasema, akatoka.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mji wao ulikuwa na sheria moja nzuri kati ya nyingi za kulalamikiwa. Mtu akijenga mnara mrefu, halafu akaacha sehemu ya kiwanja chake iwe uwanja wa watu wote, usawa wa barabara, bila geti, mchana na usiku, basi mji ulimruhusu kuongeza ghorofa sita juu ya kiwango chake. Yaani ghorofa sita hizo hakuzinunua. Alibadilishana na wapita njia.

Mteja wa ofisi yao aliitwa Tajiri, mbele yake na nyuma yake, naye alilipenda jina hilo. Alikuwa amenunua kiwanja kikubwa katikati ya mji, palipokuwa karakana ya mabasi zamani, akataka minara mitatu. Wa kwanza uwe wa ofisi. Wa pili nyumba za kupanga, chini yake maduka. Wa tatu hoteli, na chini yake zahanati na benki. Katikati ya minara, uwanja.

Minara aliichora Msanifu Mkuu, mwenye ofisi. Ule uwanja uliobaki katikati alimtupia Rula, jinsi mama anavyompa mtoto kipande cha unga uliobaki akichezee asisumbue. Rula akaukanda miezi minane. Alikwenda kusimama pale kiwanjani asubuhi, adhuhuri na jioni, daftari mkononi, akaandika nani anapita wapi: wauguzi wanaobadilishana zamu, wanafunzi, mafundi na mifuko yao, kina mama waliobeba watoto wakikatiza kwenda hospitali ya watoto iliyokuwa ng'ambo. Aliugeuza mnara wa pili kidogo tu, upana wa mlango, ili kivuli chake kuanzia saa saba kiangukie mahali pa kukaa. Msanifu Mkuu alinung'unika wiki nzima, kisha akaanza kuwaonyesha wageni ule mgeuko kama wa kwake. Akachora baraza la zege kupita mbele ya maduka yote, mita tisini za kukaa bila kulazimika kununua hata maji. Akaweka bomba la maji ya kunywa na miti kumi na minane.

Halafu wachimbaji wa kupima udongo wakakuta maji karibu. Kuchimba maegesho ya magari chini ya ardhi kukawa kazi ya kugombana na maji kila siku ya Mungu. Tajiri akasema hakuna shida, magari yakae nusu chini nusu juu, na uwanja upande juu ya paa la magari. Kimo, mita mbili na sentimita thelathini na nane. Ngazi kumi na nne. Juu ya ngazi, kibanda kidogo cha mlinzi.

Uwanja ukipanda hivyo hauko tena usawa wa barabara, na ghorofa sita zinaondoka. Lakini Tajiri hakutaka ziondoke. Ndipo Msanifu Mkuu alipomwambia Rula, Jumapili jioni, kwa simu: "Futa mshale na namba. Kesho tia jina."

*

Ofisi yao ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la matairi, na siku za joto michoro yenyewe ilinuka mpira. Rula alianza hapo miaka saba nyuma akiwa mkunja michoro. Ndiyo, kazi hiyo ipo. Karatasi kubwa kama shuka hukunjwa mpaka iwe saizi ya daftari, na lazima ikunjwe hivi kwamba kile kisanduku cha kona ya chini kibaki juu, kisomeke: Imechorwa na. Imekaguliwa na. Katika kukunja visanduku vya wenzake ndipo alipoingiwa na hamu ya kuona jina lake mwenyewe ndani ya kimoja. Akaenda shule ya jioni miaka minne, wa kwanza akiwa na mimba ya Nukta, wa pili akiwa na Nukta mgongoni.

Msanifu Mkuu alikuwa na desturi moja ambayo hata wakubwa wenzake walimcheka kwayo. Mchoro hautoki ofisini kwake mpaka aliyeuchora autie jina kwa kalamu, kwa mkono wake. "Mstari usio na mwenyewe ni mchirizi tu," aliwafundisha. Rula alikuwa amelishika neno hilo kuliko yote aliyoyasikia darasani.

"Kaa, binti yangu," Msanifu Mkuu alimwambia asubuhi ile. Mchoro ulikuwa umetandazwa mezani. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu ambaye hakulala.

"Bosi, nitasimama."

"Sikukwambia uandike uongo. Nilikwambia ufute. Kufuta siyo kusema uongo."

"Ukifuta mshale unaoonyesha kupanda, na ukafuta namba ya kimo, ngazi zinageuka vigae."

"Zinageuka mistari kumi na nne. Anayetazama ndiye anayeamua mistari ni nini."

"Anayetazama ni mwenyekiti wa kamati ya mipango miji, ana michoro arobaini mezani na macho mawili."

Msanifu Mkuu akajikuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha Rula zaidi. Mtu mbaya unamjua pa kumshika. "Nina watu kumi na mmoja wanaokula kutokana na ofisi hii," akasema. "Wewe ni mmoja wao. Tajiri akiondoka, mwaka huu tunachora vyoo vya shule, mwakani hatuchori chochote."

"Vyoo vya shule navyo vinahitaji mtu wa kuvichora vizuri."

"Usinifanyie jeuri, Rula." Akavuta droo, akatoa karatasi moja yenye nembo ya ofisi, akaiweka juu ya mchoro. Ilikuwa barua yake ya bodi. Rula alisoma mistari miwili ya mwanzo, *ni mchapakazi, mwaminifu*, akayainua macho. Chini hapakuwa na saini. "Naisaini sasa hivi," Msanifu Mkuu akasema. "Wewe tia jina hapa, mimi natia hapa. Tunakunywa chai, tunasahau."

Rula aliitazama kalamu aliyonyooshewa. Alijiona ameketi kwenye chumba cha mtihani, namba kifuani. Alimwona Nukta akiwaambia watoto wa mtaa kwamba mama yake ni msanifu, na kwa kuwa ni Nukta, angewaambia mpaka wahame. Kisha akaona vidole vyake mwenyewe vikifuta namba ndogo, *2.38*, kitu kisichozidi punje tatu za mchele.

"Uwanja niliouchora mimi una namba na mshale," akasema. "Huu uliofutwa siujui ni wa nani."

"Barua itangoja basi."

"Na jina langu lingoje. Vitapiga gumzo pamoja kwenye droo."

Ikabidi Msanifu Mkuu afute mwenyewe. Kipanya cha kompyuta hakuwa amekigusa miaka mingi. Alijifungia saa nzima, na alipomaliza alikuwa amefuta mshale, namba, na bomba la maji kwa bahati mbaya. Kwenye *Imekaguliwa na* akaandika jina lake. Kwenye *Imechorwa na* hakuandika kitu. Rula aliukunja mchoro huo yeye mwenyewe, kama zamani, kisanduku juu.

*

Nyuma ya ofisi kulikuwa na chumba cha fundi wa modeli, mzee mfupi mwenye gundi hata kwenye nyusi. Walimwita Kadibodi. Kwa kisu na kadibodi aliweza kujenga mtaa mzima juu ya meza, na wateja wengi walielewa jengo lao kwa mara ya kwanza mbele ya meza yake, ingawa hawakukiri.

Kadibodi alikuwa na tabia moja. Hakujenga kwa kutazama ramani ya juu. "Ramani ya juu ni kama sifa za marehemu," alipenda kusema. "Kila kitu kiko sawa, hakuna aliyekosana na mtu. Nipe mkato." Mkato ni ule mchoro unaolipasua jengo kama mkate, ukaona ndani: nani yuko juu, nani yuko chini, kwa kiasi gani. Msanifu Mkuu alikuwa ameifuta ramani ya juu. Mkato wa uwanja ulikuwa haujachorwa bado; ilikuwa kazi ya Rula, na siku zote vimo vya uwanja Kadibodi alimuuliza yeye kwa mdomo.

"Mwanangu," alimwita mchana ule. "Hapa namba imekwenda likizo. Uwanja una kimo gani?"

Rula akasimama mlangoni. Minara mitatu tayari ilikuwa mezani, myeupe, mirefu kama mkono wake, na katikati yake shimo. Ingetosha kusema *sifuri*. Kadibodi angekata karatasi moja nyembamba, angeibandika, na kamati ingeona uwanja tambarare mzuri kuliko kitanda. Hakuna ambaye angemuuliza kitu. Hata barua pengine ingesainiwa.

"Mbili, thelathini na nane," akasema.

Kadibodi alifunga jicho moja akapiga hesabu. Kwenye modeli, kila mita mbili za duniani zilikuwa sentimita moja. "Sentimita moja na kitu. Karatasi sita, moja juu ya nyingine, na ngazi kumi na nne za karatasi nyembamba." Akashika kisu, kisha akakiweka chini. "Bosi anajua?"

"Atajua leo."

"Mimi nimebakiza mwaka mmoja nistaafu."

"Ndiyo maana nataka kuiandika mwenyewe, baba. Ukiulizwa, sema ulifuata nilichoandika."

Mzee akamsukumia kipande cha kadibodi. Rula akaandika namba, na chini yake jina lake kwa kalamu, kwa mkono wake, herufi zote. Kadibodi alikisoma kama mtu anayesoma cheti cha dawa, akakitia mfuko wa shati. Kisha akaanza kukata, na kisu kikawa kinasema *sss, sss*, karatasi ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Saa kumi jioni Rula alikwenda kwa Msanifu Mkuu bila kuitwa. "Bosi, kabla hujasikia kwa mwingine. Fundi ameniuliza kimo. Nimempa cha kweli."

Msanifu Mkuu aliiweka kalamu mezani. Kule chini kwenye duka la matairi mtu alikuwa anapiga rimu kwa nyundo. "Modeli ile imechukua wiki tatu," alisema mwishowe. "Kwa gundi ile, haibomoleki ikajengwa upya kabla ya Alhamisi."

"Najua."

"Basi nenda nyumbani. Alhamisi kwenye kamati sitaki kukuona kwenye meza yetu."

"Meza ni yenu," Rula akasema. Alishangaa sauti yake ilivyotulia. "Ukumbi ni wa watu wote."

Njiani alikaa kidogo kwenye ngazi za duka lililofungwa. Alipofika nyumbani mwokaji alimtazama mara moja tu, akaenda kuchukua ndoo mbili za plastiki, akaziweka katikati ya sebule bila kusema neno. Rula alicheka mpaka akalia, na Nukta akaingia kwenye ndoo moja akakaa.

*

Alhamisi shule ilifungwa saa sita, mwokaji alikuwa kwenye tanuri, kwa hiyo Nukta alikwenda na mama yake. Ukumbi wa kamati ya mipango miji ulikuwa na viti vya plastiki vya rangi tatu na feni moja iliyozunguka kwa kujisikia. Wananchi walikuwa tisa, pamoja na mmoja aliyekuja kulala. Mbele, kwenye meza ndefu, walikaa Tajiri na manukato yake, Msanifu Mkuu, na modeli iliyofunikwa kitambaa cheupe. Kadibodi alikaa nyuma ya modeli kama mlinzi wa maiti.

"Yule ndiye bosi wako?" Nukta aliuliza. "Mbona mdogo?"

"Shh. Amekaa."

Mwenyekiti alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba. Alifungua mchoro, akaupitishia kidole, akaashiria waendelee. Msanifu Mkuu akafunua kitambaa. Watu wakasogeza viti. Ilikuwa kazi nzuri kweli. Minara ilisimama imegeuziana mabega kama marafiki watatu wanaosemeshana. Rula akatafuta ngazi. Hakuziona. Miti yote kumi na minane, ile aliyoitawanya penye joto, ilikuwa imepangwa foleni upande wa barabara, majani kwa majani, kama watu wanaomficha mwenzao anayebadili nguo.

Msanifu Mkuu alizungumza dakika ishirini. Alisema "uwanja wa watu wote" mara saba, na kila mara aliyasema maneno hayo akitazama karatasi yake.

"Mwananchi mwenye swali?" mwenyekiti aliuliza. "Au twende chai?"

Rula alisimama. Mkono wa Nukta ulishika sketi yake kwa nyuma, nao ukamsaidia kuliko alivyojua mwenyewe. "Mheshimiwa mwenyekiti, naomba miti ile iondolewe."

Kicheko kikapita. Tajiri akageuka kwenye kiti, akatabasamu. "Dada yangu, miti imekukosea nini? Wenzako wanalilia miti mji mzima."

"Haijanikosea. Imesimama mbele ya kitu."

Mwenyekiti akaivaa miwani. "Inatoka?" alimuuliza Kadibodi.

"Inatoka, Mheshimiwa. Miti huwa siigundishi." Kadibodi akaanza kuing'oa mmoja mmoja, bila haraka, akiiweka kwenye kiganja. Watu wakanyoosha shingo. Hata aliyekuja kulala alifumbua jicho. Ulipotoka mti wa kumi hivi, mwenyekiti aliinuka, akazunguka meza, akainama mpaka kidevu kikagusa kitambaa. Akawa anatazama uwanja kama mtu aliyesimama barabarani. Akachukua kalamu, akahesabu kwa ncha yake, midomo ikicheza.

"Kumi na nne," akasema. "Mchoro wangu una vigae hapa."

"Modeli ni mfano tu," Tajiri alisema. "Makosa ya fundi."

"Makosa yangu ni mengi," Kadibodi akajibu, "nyumbani wanayo orodha. Hili halimo."

Mwenyekiti hakucheka. "Na wewe mama ni nani?"

"Ndimi niliyeuchora uwanja huu."

"Mheshimiwa, tazama kisanduku," Tajiri akadakia, na sasa hakutabasamu. "Jina lake halipo. Ni mtu wa mtaani tu."

"Ni kweli halipo," Rula akasema. "Halipo kwa sababu nilikataa kulitia. Palikuwa na mshale wa kupanda na namba ya kimo. Vimefutwa. Namba ni mita mbili na sentimita thelathini na nane, na mtaani ndiko ninakotoka."

Mwenyekiti akamgeukia Msanifu Mkuu. Mzee yule alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Rula alidhani angetazama karatasi yake. Badala yake alimtazama Kadibodi, aliyekuwa bado ameshika miti kiganjani kama mtu anayeomba sadaka.

"Kimo ndicho hicho," alisema chini chini.

"Sasa jamani," Tajiri akasema, mikono wazi, "ngazi kumi na nne zinamzuia nani? Watu wana miguu."

"Mimi zingenizuia," Rula akasema. "Mtoto huyu alipokuwa na miezi mitano alishikwa na homa, mvua inanyesha, mimi nina mkoba wa shule begani na yeye mgongoni. Nilikatiza pale kwenye kiwanja nikawahi hospitali, kwa sababu palikuwa tambarare na hakuna aliyeniuliza ninakwenda wapi. Ghorofa sita umepewa kwa ajili ya mtu yule wa siku ile. Ukitaka ngazi, jenga ngazi, hata mia. Lakini ghorofa za watu zirudishe."

Muuguzi mmoja aliyekaa nyuma, sare yake bado mwilini, akapiga mgongo wa kiti cha mbele yake mara moja kwa kiganja. Wa pili akapiga. Ukawa mlio wa ajabu kidogo, kama mvua inayoanza kwa kusitasita.

Kamati ilinong'onezana robo saa. Kisha mwenyekiti akasoma kwa sauti ya mtu anayetaka chai yake. Mchoro unarudishwa. Ndani ya siku thelathini, ama uwanja ushuke usawa wa barabara, ama ghorofa sita ziondoke. Na yale mabati yaliyozungushiwa kiwanja wiki hii kabla ya kibali, njia ya watu iachwe wazi kuanzia saa hiyo.

Kwenye korido Msanifu Mkuu alimngoja, mchoro kwapani. Tajiri alikuwa ameshapita bila kumpa mkono. "Barua siwezi kuisaini," alisema. "Siyo mwaka huu. Bado sijui kama kesho nina mteja."

"Sijaiomba, Bosi."

"Miaka minne ya shule ya jioni, Rula. Unajua umetupa nini?"

"Mtihani upo kila mwaka," Rula akasema. "Uwanja ule unajengwa mara moja." Kisha, kwa kuwa mzee huyo alikuwa amemfundisha kazi na heshima ya mwalimu haifi kwa siku moja, akaongeza: "Umefuta na bomba la maji. Mkiuchora upya mchoro, likumbukeni."

Mzee aliuhamishia mchoro kwapa la pili. "Njoo Jumatatu uchukue vitu vyako," alisema. Akapiga hatua mbili, akasimama bila kugeuka. "Au uje ulichore bomba lako. Sijui. Jumatatu nitajua."

Nje jua lilikuwa kali. Rula alitembea haraka, kisha polepole, kisha akatambua kwamba anatabasamu peke yake kama mwehu, hana kazi ya uhakika, hana barua, na mwepesi kama mtu aliyeshusha mzigo wa kuni. Nukta alitembea kando yake akiimba wimbo wenye neno moja. Hawakujadiliana njia. Walifika kwenye kiwanja, wakafuata mabati mpaka penye pengo, na pale pengoni palikuwa na mlinzi kijana kwenye kiti, buti mpya, rungu magotini. Habari za kamati zilikuwa hazijamfikia.

"Hapapitwi hapa, mama," alisema bila ubaya. "Zungukeni kule."

Kuzunguka kulikuwa mtaa mzima, juani. Rula alivuta pumzi ili aanze kueleza: kamati, siku thelathini, mwenyekiti, saa hiyo. Alikuwa amechoka na maneno yalikuwa marefu. Mtoto alikuwa ameshauachia mkono wake, amesimama mbele ya buti za mlinzi, kichwa kimeinuliwa.

"Tunapita hapa kwenda nyumbani," Nukta akasema.